Athens hadi Melbourne kwa Saa Tano Tano

Jumapili, 3 Machi 2019

Miaka ishirini na minane, na leo nimesikia dada yangu akipumua.

Saa tatu asubuhi simu inalia, namba ndefu isiyo na mwisho. Mwanamume, Kigiriki chake kimevunjikavunjika: "Mama mdogo Polixeni? Mimi Stathis. Wa Melbourne." Stathis! Namjua kwa picha moja tu, yuko kwenye beseni, hana hata nguo. Sasa ana sauti nzito na, kwa maelezo yake mwenyewe, upara.

Figo za mama yake, dada yangu Asimina, zimekufa zote mbili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Moyo nao umechoka. Nikauliza daktari anasemaje. Stathis akasema madaktari wa huko hawapendi kutaja miezi.

Nikamwambia mpe simu. Hataki – nawasikia wanabishana, kitu kinaanguka. Mwishowe pumzi. Nikaijua kabla ya sauti.

"Hujambo," nikasema. Neno la kijinga lakini lilikuwa la karibu.

"Nipo. Huyu mtoto kakosea kukupigia. Usijisumbue, Polixeni. Ni mbali."

Mbali! Amelirudia neno lile lile! Mwaka 1991 mama yetu amelala sebuleni kwenye jeneza, mimi nimeshika simu kwenye ukumbi, na huyu analia upande wa pili: ni mbali, ni mbali. Nikamwambia, "Ndege zipo. Sema hutaki." Nikakata. Hayo ndiyo yakawa maneno yetu ya mwisho.

Kwa hiyo leo nimemjibu, "Nakuja."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Wewe? Na mguu huo?"

Nimekaa hapa najiuliza. Nani amempa habari za mguu wangu?


Jumanne, 5 Machi

Kwa Daktari Kaloyeros. Kijana mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto anywe dawa. Ndiye aliyenitibu mwaka juzi, nilipopasuliwa goti na damu ikaganda kwenye shavu la mguu wa kulia.

Akafungua kompyuta, akanisomea. Athens hadi Melbourne, mstari ulionyooka, kilomita elfu kumi na tano kasoro kidogo. Ukibadilisha ndege mara moja tu, saa kumi na nane na nusu hewani, au kumi na tisa. Kipande cha pili peke yake saa kumi na tatu na zaidi, umekunja goti. Akaondoa miwani. "Mama Polixeni, hapana."

"Ngapi ndiyo?"

"Ngapi nini?"

"Saa ngapi kwa mkupuo unaniruhusu?"

Akatazama dari. Tano, akasema. Tena kwa soksi za kubana, sindano kabla ya kupanda, kutembea ndani ya ndege kila nusu saa, na siku mbili za kupumzika kabla ya kupanda tena. Alisema kwa upole, kama anayefunga mlango taratibu usigonge.

Mimi nilichosikia ni tano.


Jumatano, 6 Machi

Nimeendesha basi la umeme katika mji huu miaka ishirini na sita. Nilipoanza, wanaume walikuwa wakichungulia, wakiona mwanamke kwenye usukani, wanashuka. Washuke! Niliwapita kituo kinachofuata wanatembea kwa miguu kwenye mvua. Sasa, mtu kama mimi umwambie njia ni ndefu? Njia ndefu ni vituo tu. Panga vituo.

Nikaenda ofisi ya tiketi ya Fani, pale karibu na kituo cha treni cha Petralona. Fani ana kucha za rangi ya bilinganya na hana subira, ndiyo maana nampenda. Nikamwambia: nataka kufika Melbourne, na hakuna kipande kitakachozidi saa tano. Akadhani namtania. Alipoona sicheki akazima redio.

Tukakaa saa mbili na nusu. Alikuwa anapiga kompyuta kama anatwanga. Ametoka na hii:

Athens – Dubai, saa nne na dakika ishirini.
Dubai – Colombo, saa nne na nusu.
Colombo – Singapore, saa tatu na dakika hamsini.
Singapore – Darwin, saa nne na nusu.
Darwin – Melbourne, saa nne na robo.

Darwin sikuwahi kuisikia. Fani akageuza skrini: kumbe ni Australia tayari, juu kabisa kwenye paa lake. Jumla kilomita elfu kumi na tano na mia saba na kitu. Nitazunguka kama kilomita mia nane zaidi kuliko wale wa mstari ulionyooka. Nisamehewe.

"Siku kumi na mbili kwenda tu," Fani akasema. "Watu wanafika kesho yake."

Mimi nitafika na mguu wangu.


Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza ya mfungo. Mkate wa ufuta, mayai ya samaki, pweza, mizeituni. Vishada vinaruka juu ya kilima. Thrasos amekuja peke yake, mkewe ana mafua. Nilingoja amalize pweza ndipo nikamwonyesha karatasi ya Fani.

Mwanangu ana miaka arobaini na moja na anajua kupauka kama msichana. Akaniita mwenda wazimu. Akasema nitakufa Colombo na yeye hajui hata Colombo iko nchi gani. Nikamwambia ni Sri Lanka, na akinizika kule aje kwa vipande kama mimi, asikae sana. Hakucheka.

Ndipo likamtoka. "Mama mkubwa mwenyewe amesema usiende! Amesema Polixeni azuiwe!"

Amesema lini? Amemwambia nani? Kumbe mwanangu anaongea na Asimina kila Krismasi, kila Pasaka, miaka tisa sasa. Kila nilichougua, yule anajua. Goti, mguu, hata jino. Miaka tisa watu wawili wananijadili kama hali ya hewa!

Nikamwambia hakuja kumzika mama yake, huyo mama mkubwa wako.

Thrasos akaweka uma chini. Akasema siku ile Asimina alikwenda uwanja wa ndege. Na begi. Wakamwambia ndege iliyopo itamfikisha Athens Jumamosi jioni, na mama alikuwa anazikwa Ijumaa. Akakaa kwenye benchi pale mpaka taa zikawashwa, halafu akarudi nyumbani.

Sikuamini. Nilimwambia atoe sahani mezani.

Ameondoka bila kunibusu. Ninakwenda.


Alhamisi, 21 Machi – Dubai

Saa nne na dakika kumi na nane. Ndege imewahi kwa dakika mbili! Ningekuwa mimi dereva ningesubiri kituoni, kuwahi nako ni kosa.

Nimetembea kila nusu saa, toka mkiani mpaka kwenye pazia la wenye pesa na kurudi. Mhudumu mmoja akaniuliza kama ninatafuta kitu. Nikamwonyesha soksi. Mara ya nne alikuwa ananipisha mwenyewe kwa saluti.

Kiti cha kando yangu mfanyabiashara wa marumaru, anakwenda kukagua msikiti unaojengwa. Akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia Melbourne. Akasema, lakini ipo ndege ya moja kwa moja kutoka Dubai, saa kumi na tatu tu. Tu!

Mguu mzima. Thrasos hajapiga. Na asipige.


Jumatatu, 25 Machi – Colombo

Leo nyumbani ni sikukuu, watu wanakula samaki wa chumvi na kitunguu saumu, watoto wanaandamana na bendera. Mimi nimekula wali na mchuzi wa nazi, pilipili ikanitoa machozi mbele ya watu, na nikaongeza.

Hoteli ndogo, feni inazunguka. Daktari alisema pumzika, miguu juu ya mto. Nimelala chali tangu jana. Ukilala chali siku mbili huwezi kukimbia kichwa chako mwenyewe. Nikachukua kalamu.

Mama alikufa Alhamisi alfajiri. Nilimpigia Asimina saa mbili asubuhi yetu. Kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni. Tuseme alikuwa na begi tayari. Tuseme ndege ilikuwepo saa tatu ya usiku ule ule, ambayo haikuwepo. Nikaweka saa zangu za hewani, nikaongeza za kusubiri, tena za siku hizi. Zile za zamani zilikuwa nyingi zaidi. Na Februari ile kulikuwa na vita kule Ghuba, ndege zinaizunguka anga ile. Nikahesabu mara tatu. Kila mara anashuka Athens Ijumaa alasiri au jioni. Sisi tulizika Ijumaa saa sita mchana. Mimi ndiye niliyechagua saa sita. Padri alitaka Jumamosi.

Nimeiandika, basi. Mimi ndiye niliyechagua.

Lakini angeweza kuja kwenye arobaini! Siku arobaini! Hata kwa meli angekaribia! Hapo hana la kusema. Hapo simwachii.


Jumatano, 27 Machi – Singapore

Saa tatu na dakika hamsini juu ya maji. Sikuona kitu isipokuwa maji. Asimina alivuka bahari hii mwaka 1970, ana miaka kumi na tisa, mwezi mzima ndani ya meli, na sweta aliyofuma mama. Sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza mwezi ule alikuwa anafanya nini kutwa.

Nimechoka. Kifundo kimejaa kidogo. Kidogo sana. Ni joto.

Thrasos amepiga. Hakuna salamu. "Uko wapi?" Singapore. "Mguu?" Mzuri. "Mama, unaongopa." Nikamuuliza ameshindaje. Akasema ameweka ramani kwenye ukuta wa ofisini na pini, na wenzake wamewekeana dau kama nitafika. Nikamuuliza yeye ameweka upande gani. Akasema nenda kalale.


Jumamosi, 30 Machi – Darwin

Saa nne na dakika thelathini na tano. Nimefika Australia. Nimefika!

Nimesimama kwenye mstari wa pasipoti na mguu wa kulia umekuwa kama si wangu. Mzito, unawaka, ngozi inang'aa. Nikashika ukuta. Ofisa kijana akaniambia keti. Nikamwambia sikai, nimekaa vya kutosha, hakuelewa hata neno. Wakaleta kiti. Halafu gari lenye taa.


Jumapili, 31 Machi

Damu imeganda. Safari hii ndogo kuliko ya mwaka juzi, lakini ipo, wamenionyesha kwenye skrini, doa kama mbegu. Wananichoma sindano tumboni. Ndege marufuku kwa muda wa wiki mbili, labda tatu.

Muuguzi wangu anaitwa Themelina. Nilipoona jina la kwetu kifuani nikadhani homa. Mzaliwa wa hapa, babu yake alitoka kisiwa cha Kalimnos kupiga mbizi akitafuta lulu. Anaongea Kigiriki cha wavuvi, kizuri, cha matusi. Kumbe mji huu umejaa wajukuu wa Kalimnos. Hakuna aliyeniambia.

Nikamuuliza ukienda kwa barabara je? Kilomita elfu tatu na mia saba, akasema, na katikati hakuna kitu, yaani hakuna, hata mti. Kwa treni? Ipo, inaishia mji mwingine. "Mama, lala."

Nimebakiza elfu tatu mia moja na thelathini. Saa nne na robo. Nimevuka dunia nzima nimesimama kwenye kizingiti!


Jumatatu, 1 Aprili

Thrasos. Amepiga. Nilijua atasema, "Nilikwambia." Nikatayarisha jibu. Akasema tu, "Nije?" Nikashindwa kulitumia jibu langu. Nikamwambia abaki na pini zake.


Jumanne, 2 Aprili

Themelina amenishikia simu, mkono wangu mmoja una dripu. Asimina alipokea mwenyewe. Siku isiyo ya mashine. Sauti ina nguvu kidogo.

"Nimekwama Darwin," nikasema. "Hospitali. Wiki mbili, labda tatu."

"Stathis kaniambia."

"Sijasema ni mbali. Nasema nimekwama. Tofauti."

"Sikusema kitu."

Simu ya mbali zamani ilikuwa inakoroma. Siku hizi kimya chake ni kisafi, unasikia saa ya ukutani ya mwenzako. Nilitaka kumwambia kuhusu saa sita, kuhusu padri na Jumamosi. Maneno yalikuwa hapa kwenye meno. Themelina alikuwa amesimama na simu, anatazama pembeni kwa adabu.

"Zimebaki kilomita ngapi?" Asimina akauliza.

"Elfu tatu mia moja na thelathini."

"Saa ngapi?"

"Nne na robo."

"Hm," akasema. Akakata.

Huyo ndiye dada yangu. Hata pole hakuna.


Alhamisi, 4 Aprili

Uvimbe umepungua. Nimemuuliza daktari wa hapa, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mbio, kama Jumapili naweza kupanda ndege. Themelina akatafsiri. Daktari akasema hapana. Nikamwambia Themelina atafsiri tena, labda hakusikia vizuri. Themelina akasema amesikia, mama, na mimi nimesikia, na wagonjwa wote wa korido hii wamesikia.


Jumamosi, 6 Aprili

Saa tatu na nusu asubuhi. Stathis amepiga, anahema. "Mama mdogo, mama yuko kwako?"

Yuko kwangu vipi? Mimi niko kitandani!

Jana alitoka kwenye mashine kama kawaida. Leo asubuhi Stathis amempelekea maziwa, nyumba tupu, kitanda kimetandikwa. Simu yake imezimwa. Juu ya friji karatasi. Akanisomea kwa hasira: Nimekwenda kwa mdogo wangu. Jumapili jioni nitarudi, Jumatatu nipelekeni kwenye mashine. Msipige kelele.

"Daktari wake alimkataza hata kupanda ngazi!" Stathis anapiga kelele. "Hata ngazi!"

Nikamwambia usinipigie kelele mimi, mimi sijamtuma. Halafu nikaanza kucheka, na kucheka kukageuka kitu kingine, nikampa simu Themelina.

Moyo uliochoka. Figo hakuna. Saa nne na robo hewani, na kesho saa nne na robo tena. Akifia angani nitafanyaje? Nitamwambia nani kuhusu Jumamosi ya padri? Mpumbavu. Mpumbavu mkubwa! Angengoja wiki mbili! Nani amemwambia aje?

Saa tano na dakika arobaini. Themelina ametazama kwenye simu yake: ndege ya Melbourne imetua. Hakuna habari nyingine. Ikitua salama huwa hawatoi habari, amesema. Amenichana nywele. Sikumwomba.

Saa sita na nusu. Hakuna mtu. Kutoka uwanja wa ndege mpaka hapa ni dakika kumi na tano. Nimeuliza mara tatu.

Saa saba kasoro robo. Vurugu kwenye korido. Themelina ametoka mbio. Nasikia Kigiriki, cha ukali, anamwambia mtu aondoe hicho kiti cha magurudumu, yeye si mzigo. Themelina anamwambia mama, bado robo saa kabla ya muda wa kuona wagonjwa. "Robo saa!" anasema. "Binti, unajua mimi nimetoka wapi?"

Nimeambiwa nisisimame peke yangu. Nimesimama. Dripu naiburuta. Tangu Singapore nimepanga nitakayosema, kwanza hili halafu lile, na sasa hayapo, yamefutika yote. Nyayo zinakuja. Kisigino cha kushoto kinaburuzika – mama! Hivi ndivyo mama alivyotembea, ukiwa jikoni unajua ni yeye. Zinasimama. Nyuma ya pazia kuna viatu viwili vya bluu, vimevimba, kamba hazijafungwa. Haingii. Anasubiri nianze mimi. Na aanze yeye! Si ndiye mkubwa?

Amekohoa. Nimelishika pazia kwa mkono wa kushoto, huku naandika kwa wa –